Familia ya Profesa Whitlock

...na tena profesa kalirudia neno lile, familia, mara ya tatu katika barua pepe moja, mpendwa Halina, hapa Chuo cha Thornbury sisi si idara, sisi ni familia, usijione unaharakishwa ila leo ni tarehe kumi na tano Aprili, kana kwamba sijui, kana kwamba kuna mtu aliyeomba nafasi ya uzamivu nchi hii ya Marekani asiyejua kwamba leo ndiyo siku ya kusema ndiyo au hapana, ukisoma unahisi umelambwa shavu na mtu usiyemjua, nami nimekaa na kahawa iliyopoa, jibu sijaandika, na mama yuko pale jikoni anakaanga pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya unga vilivyojazwa viazi, kavaa lile sweta, Mungu wangu, MAMA WA THORNBURY kifuani kwa herufi za dhahabu, kalinunua kabla sijakubali, muuzaji kamwambia atunze risiti asije akalirudisha, kaenda nalo kanisani, sasa parokia yetu nzima hapa mjini Toledo inanipongeza... "We Halina, umeshawajibu?" Bado, mama... ningewajibu siku ile ile niliyorudi kama si ule mfuko, siku waliyotualika tukajionee chuo, nyumbani kwa profesa, jibini inanuka soksi, kila mtu anacheka kabla mzaha haujaisha, na Everett, mwanafunzi wa mwaka wa sita, ananieleza utafiti wake vizuri sana huku mkono mmoja haumtoki mfukoni, kumbe kashika mfuko wa plastiki wenye mavi ya Hugo, mbwa wa profesa, ilikuwa zamu yake, wana zamu, watu wenye shahada mbili wana zamu ya mbwa, "hatulazimishwi," akasema, "tunasaidiana tu," profesa akamwita, Everett akanipa ule mfuko nimshikie, ulikuwa bado na joto, nami nikaupokea, hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote, nikaupokea nikitabasamu, nikasema bila shaka... "Madonge ya unga haya, mtu akiyala atasema sijui kupika"... na Profesa Ruiz wa chuo cha jimbo, hapa hapa karibu, ambaye naye kanipa nafasi, kaandika mistari mitatu tu, ofisi yako haina dirisha, boti ya utafiti ni kuukuu lakini inaelea, nijulishe, basi, hakuna mpendwa wala familia, nami nilimwona mshamba, mimi niliyeanza kusoma mambo haya kwa sababu ya ule utando wa kijani wenye sumu unaofunika ziwa letu kila Agosti, mwaka ule tulioambiwa tusinywe maji ya bomba na mama akarudi amekumbatia chupa za maji kama watoto mapacha, na Whitlock hata ziwa lenyewe hakuniuliza, aliniuliza kama napenda mbwa... "Anasemaje leo huyo profesa wako?" Anasema sisi ni familia, mama. Kacheka mpaka mwiko umegonga kikaango. "Familia? Ameshakufokea?" Hapana. "Hata kukununia?" Hapana, mama. "Familia gani hiyo sasa. Inuka uoshe vyombo." Nitaosha baadaye... na sijainuka, ameguna, atanisema mpaka tumalize kula, na bado sahani yangu ndiyo atakayoipakulia kwanza, pierogi zile zilizokauka pembeni kama ninavyopenda, lakini Everett angemwambia profesa baadaye, Everett ambaye miaka sita hajasema baadaye hata mara moja, nani angemwandikia barua ya kumpendekeza kazini, nani angemsainia tasnifu, ndiyo maana mkono ulikaa mfukoni na uso ukacheka, na mwakani ni mkono wangu, na mwaka wa sita nitampa msichana fulani mgeni ashike, nitamwambia tunasaidiana tu, nitaamini ninachosema... lo, kahawa hii inanuka... "Vyombo, Halina." Nakuja, mama. Ukurasa bado mweupe, vitunguu vinaungua kidogo, na kifuani kwa mama zile herufi za dhahabu zimeshaingia unga. Mama, risiti ya hilo sweta unayo? Hageuki. "Ya nini?"