Kanga Anayesema Wapi

Mteja akija kwetu Muyinga kununua kanga, kosa lake la kwanza ni kuwaangalia. Atachuchumaa mbele ya banda, atakodolea macho yale madoa meupe, kisha atanyoosha kidole kwa kujiamini: huyu dume, yule jike, nifungie. Namwacha aseme. Nina ulimi mkali, na mama analalamika kwamba nawafukuza wateja, lakini hapo huwa nanyamaza kwanza kwa sababu napenda kuwaona watu wakiwa na uhakika na jambo wasilolijua. Dume la kanga na jike la kanga wamevaa nguo moja. Kichwa ni kile kile cha upara, mwendo ni ule ule wa mtu aliyechelewa sokoni. Ukitaka kuwatofautisha, fumba macho usubiri waseme.

Jike husema "wapi". Hivyo ndivyo tunavyomsikia nyumbani kwetu: wa-pi, wa-pi, wa-pi, hasa akipotelewa na wenzake. Dume hawezi. Atapiga kelele zake za chi-chi-chi mpaka koo limkauke, lakini hilo neno la vipande viwili halimtoki. Aliyetufundisha ni baba. Aliitwa Chabani, alikuwa fundi cherehani, na kanga walikuwa starehe yake.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka tisa na mdogo wangu Mahmudu alikuwa na sita. Mama yetu, Amisa, alikuwa amevuka mpaka kwenda Ngara, Tanzania, kumuuguza dada yake, na njia ikafungwa nyuma yake. Vita vilipofika karibu na mtaa wetu, baba aliamua kutupeleka Gitega kwa ndugu yake, kwa lori lililokuwa likibeba wanawake na watoto. Lakini watu waliotoka huko walisema kwamba njiani kulikuwa na watu wenye bunduki wanaoteremsha wanaume, na wavulana pia, hata wadogo.

Asubuhi ya safari baba alichukua gauni langu la njano, akalipunguza kwa cherehani ubavuni na kwenye pindo, akamvisha Mahmudu. Akamfunga kitambaa kichwani. Mahmudu alilia kwa aibu. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu lile gauni lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Baba akamshika mkono akampeleka bandani.

"Angalia kanga," alimwambia. "Hakuna mutu anajua dume iko wapi mpaka afungue mudomo. Na we usifungue mudomo. Wakikuuliza jina, we ni Zaituni."

Kisha akanigeukia mimi. "Raissa, kuanzia sasa uko na mudogo wako wa kike. Usiambie mutu, hata nani, mpaka mi mwenyewe niseme."

Wale watu wenye bunduki walitusimamisha kabla ya saa sita mchana. Baba aliteremka bila kututazama, kama mtu aliyepanda peke yake, na leo najua alifanya hivyo ili wasimhusishe na sisi. Wakati ule sikujua. Niliona baba anakwenda, nikaruka chini kumfuata. Mama mmoja aliyekuwa ameteremka kabla yangu alinidaka mkono na kunivutia kwenye majani, akanikalia karibu kunivunja mbavu. Nilipoinua kichwa lori lilikuwa limeruhusiwa, limeanza kwenda. Mahmudu alikuwa juu ya gunia, ndani ya gauni langu, ananiangalia. Hakuniita. Angeita jina langu mara moja tu, pengine dereva angesimama. Alikuwa amebana midomo kama alivyoambiwa.

Nilirudi kwa miguu na yule mama na wanawake wengine walioachwa na lori, tukapita Gasorwe, tukalala vichakani siku nne, mpaka tukavuka mpaka na nikamkuta mama. Nilimwambia kwamba baba amechukuliwa na kwamba Mahmudu amekwenda na lori. Gauni sikulitaja. Aliniuliza mara mia kama nilimwona vizuri, alikuwa amevaa nini, na mara mia nilisema sikumbuki.

Katika kambi ya wakimbizi Ngara mama aliandikisha jina la mwanawe kwa watu wa kutafuta jamaa waliopotea: Mahmudu, mvulana, miaka sita. Watu hao walikuwa wakija kila Alhamisi na lisiti, yaani orodha, ya watoto waliookotwa huku na huko, wanaisoma kwa kipaza sauti. Mama hakukosa Alhamisi hata moja. Wakisoma mvulana alisimama wima, wakisoma msichana alipumzisha miguu.

Mwezi wa sita mwaka wa tisini na saba, walisoma hivi: "Zaituni binti Chabani, msichana, miaka kama saba, yuko Gitega, si msemaji."

Nilikuwa nimeshika kitenge cha mama. Nililisikia jina lile. Hata nani, alisema baba. Nilijiuliza kama mama naye yumo katika hiyo "hata nani". Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini kabisa kwamba nikisema kabla ya baba, wale watu wenye bunduki watapata habari na kwenda Gitega kumteremsha Mahmudu popote alipo. Mama aliweka mkono kifuani. "Masikini," alisema, "baba yake anaitwa Chabani kama wetu." Msomaji akaingia kwenye jina lililofuata.

Hilo la umri wa miaka kumi, kuna siku najisamehe. Yaliyofuata sijisamehe. Nilipofika kumi na tano nilijua vizuri kwamba hakuna wa kunizuia kusema. Haikuwa tena amri ya baba. Ulikuwa woga wangu mwenyewe, kwamba mama ataniuliza kwa nini sikusema siku ile, na sitakuwa na jibu. Tuliporudi Burundi, mwaka wa elfu mbili na tano, mama alikwenda Gitega mara mbili. Aliuliza msikitini, sokoni na mashuleni kama kuna aliyemwona mvulana. Ndugu wa baba alikuwa ameshahamia Bujumbura zamani, naye hakuwahi kupokea mtoto yeyote. Mama alirudi na miguu imevimba, nikampashia maji ya kuikanda, na bado nikanyamaza.

Alianza upya kufuga kanga, kwa ajili ya baba. Jike akiita wapi, mama alikuwa akimjibu akiwa jikoni: "Hata mi sijui, mwenzangu." Majirani walicheka. Mimi nilikuwa natoka nje.

Mwaka wa elfu mbili na saba mzee mmoja alitupeleka mahali alipolala baba na wenzake. Tulimzika upya na hitima ikasomwa. Shehe alimuuliza mama kwa upole kama amtaje na mtoto katika dua ya marehemu. Mama alikataa, akasema mtoto wake hajulikani alipo na hilo si kufa. Mimi nilikuwa naangalia udongo mpya wa kaburi la baba. Yule niliyekuwa nikijidai kumsubiri aseme alikuwa pale chini, na hatasema.

Wiki ile ile nilimdanganya mama kwamba naenda kutafuta vitambaa, nikapanda basi la Gitega.

Niliulizia nyumba iliyokuwa ikipokea watoto waliopotea wakati wa vita. Ilikuwa imefungwa miaka mingi. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Mushasha, mjini humo, alinielekeza kwa mama aliyekuwa mpishi wa nyumba hiyo, Efrazia, ambaye sasa anapikia wanafunzi huko huko karibu na kanisa. Nilimkuta anamenya viazi nyuma ya jiko. Aliniuliza namtafuta mtoto gani.

"Zaituni," nikasema. Lilikuwa limekaa mdomoni mwangu miaka kumi na moja.

Aliweka kisu chini. "We ni Raissa," alisema. Hakuwa ananiuliza.

Alinivutia kigoda. Alisema siku mtoto yule alipofika alikataa kuoga na wasichana wenzake, akang'ang'ania gauni mpaka likachanika kwapani. Efrazia akampeleka nyuma ya jiko aoge peke yake, na hapo akaona. Mtoto aliweka kidole mdomoni. Efrazia alikuwa amepoteza kaka wawili walioteremshwa barabarani hivyo hivyo, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tangu siku ile akawa anamwogesha yeye mwenyewe na hakumwambia mtu, hata wakuu wa nyumba, hata waandishi wa lisiti walipokuja. Mtoto aliongea na yeye tu, pale jikoni, na habari zake zilikuwa za kanga na za dada yake Raissa. Jina la baba yake alilitaja, lakini lake la kweli hakulitaja.

"Nilimuuliza mara mingi," alisema Efrazia. "Ananijibu: baba hajasema."

Nilimuuliza yuko wapi sasa. Kwa Kiswahili chetu yeye ni yeye, mvulana au msichana, na hadi pale tulikuwa tumemwongelea muda mrefu bila mmoja wetu kutamka ni nini. Efrazia alichukua tena kisu, akakitazama, akakirudisha.

Homa ilimpata mwezi wa pili, mwaka wa tisini na nane. Siku mbili tu. Nilihesabu palepale, sikuweza kujizuia: miezi minane baada ya ile Alhamisi. Kutoka Ngara hadi Gitega hata mtu wa kutambaa angekuwa amefika.

Wakuu wa nyumba walitaka kuwaita Waislamu wa mjini wamzike kwa taratibu zao. Efrazia akawaza kwamba wangekuja wanawake kumuosha msichana, na siri ingetoka. Alikuwa amemuahidi mtoto. Basi akawadanganya kwamba amegundua mtoto ni wa ukoo wake yeye, akamuosha mwenyewe, akampeleka kwao Itaba, akamzika kwenye shamba la wazazi wake kando ya migomba.

"Labda ningesema," aliniambia. "Ningewaambia waandike kijana, mungemuona. Kila mwaka najiuliza."

Nilimwambia tu kwamba mimi nilisikia ile lisiti. Alinitazama kidogo, kisha akavua aproni, akaomba ruhusa kazini, tukaenda Itaba.

Hakukuwa na msalaba wala kibao. Kulikuwa na mpapai mrefu, mwembamba, na maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Efrazia alieleza kwamba aliupanda mwaka ule ule ili mahali pasipotee. Miche ya papai yote inafanana, huwezi kujua mpaka itoe maua, na huu ukatoka dume. Hauzai. Ndugu zake kila mwaka wanataka kuukata, na kila mwaka anagombana nao. Aliyasema haya kwa haraka, kama anayeomba radhi. Mimi nililia mpaka nikakaa chini.

Nilipotulia aliniuliza, kwa sauti ya kuogopa kukataliwa: "Jina lake ni nani?"

"Mahmudu."

"Mahmudu," alisema. Akalirudia mara ya pili, polepole, akiwa ameangalia ardhi, na akaongeza pole.

Nilifika Muyinga kesho yake alasiri. Mama alikuwa anawamwagia kanga mtama. Sikukaa wala sikunywa maji, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: gauni, jina, maneno ya baba, Alhamisi ya lisiti, jiko la Mushasha, homa, Itaba. Nilisema nililisikia jina na nikanyamaza, na baadaye nikanyamaza tena nikiwa mtu mzima. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimelitamani kofi hilo miaka mingi.

Mama aliliangusha debe la mtama, akalikalia. Kanga walimzunguka, wakamdonoa viatu. Jike mmoja akaanza wa-pi, wa-pi, na mama hakumjibu.

"Zaituni," alisema. "Mi namukumbuka. Baba yake Chabani."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa namuombea."

Sikuelewa. Akasema kwamba tangu siku ile, kila akimaliza kumwombea Mahmudu, alimwombea na yule mtoto wa watu aliyesomwa peke yake na asiitikiwe. Hakuwahi kumwacha, hata tuliporudi, hata wiki ile ya hitima. Alikuwa akimwomba Mungu amrudishe kwa mama yake.

Nilidhani hapo tumepata kitu cha kushika, sisi wawili. Nikapiga magoti nimshike mikono. Mikono ilikuwa baridi, na hakuwa ananiangalia.

"Na kila siku nikimaliza nilikuwa nakasirika," alisema. "Nilisema, huyu mutoto, mama yake iko wapi? Mama gani huyu, anasomewa mutoto wake, hasimami?"

Mtama ulikuwa umemwagika wote. Nilianza kuuokota punje kwa punje.