Mechi Aliyoisikia Shemasi Lucius

Siku ile mjinga alikuwa Shemasi Lucius Tolbert, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakubali kabla hujamaliza swali, kisha atakuuliza kama umeshakula. Anachobishia ni saa tu. Yeye anasema ujinga ulimwingia robo ya tatu ya mchezo. Dada yake Verdell anasema alizaliwa nao, na mkunga alimwonya mama yao.

Demarius, mtoto wa Verdell, alikuwa mwaka wa nne katika timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Cotter Hill, hapa Alabama. Miaka minne alivaa jezi namba sabini na tatu, na miaka minne jezi ilirudi nyumbani safi kama ilivyotoka. Alikuwa mtu wa ukuta, mmoja wa wale wanene wa mbele ambao kazi yao ni kuzuia watu wasimfikie mwenye mpira, na ambao hakuna anayewatungia wimbo. Ratili mia tatu na kumi, zote zimekaa benchi. Jumamosi ile ya Novemba ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho, hapo chuoni na duniani, kwani timu za kulipwa zina watu wao wa kukaa benchi. Alhamisi akapita kwa mjomba wake.

"Mjomba, kocha kasema huenda nikaingia Jumamosi. Hata kama ni mara moja."

"Hatimaye! Nilidhani wamekuajiri ulinde benchi lisiibiwe."

"Nataka uwepo. Na sisemi kule kwenye maegesho unakochoma nyama, nasema kwenye kiti. Mechi iliyopita niligeuka kukutafuta, nikaona mkoba wa mama umekaa mahali pako."

Lucius akaweka mkono kifuani. "Mwanangu, Jumamosi nitakaa mpaka wafagiaji waniambie ninyanyue miguu."

Kijana akaenda zake ameridhika. Alikuwa bado anamwamini mjomba wake, na umri wake miaka ishirini na miwili.

Ni haki shemasi naye atetewe kidogo. Mwaka uliotangulia alikaa kitini hadi mwisho wa mechi ya mwisho. Alipotoka, mbavu zake za nguruwe zilikuwa bado zinatoa damu, na waumini wa kanisa lake, aliowaombea wakiwa wagonjwa, walikuwa wamejipanga kwenye jiko la Cephus, jirani yake wa maegesho, wakilamba vidole. Mtu aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi miaka thelathini na moja, akafukuzwa kwa barua ya mistari miwili, huvumilia mengi. Hilo la mbavu hakulivumilia.

Basi Jumamosi ikafika, na hadi mapumziko wageni wa Dunmore walikuwa wanaongoza ishirini na nne bila. Bendi ikaingia. Cotter Hill watu huja kuitazama bendi, na mpira huchezwa kabla na baada yake ili wapiga tarumbeta wapate kupumua. Ngoma zikapigwa, wasichana wakarusha fimbo, wazee wakasimama na magoti yao mabovu. Bendi ilipotoka, nusu ya jukwaa ikaona imeshapata ilichofuata. Lucius akainuka.

"Unakwenda wapi?" Verdell akamuuliza.

"Chooni, dada."

"Na koleo la kugeuzia nyama mfukoni?"

Lucius akalisukuma koleo ndani ya koti. "Dada, ishirini na nne bila. Hawa watoto wameshakufa, wanangoja kuzikwa tu."

"Timu ikishafungwa sana ndipo watu wa benchi huingizwa, we Lucius. Mwanangu ataingia lini kama si leo? Keti."

"Robo ya nne nitakuwa hapa. Hata kofia naiacha."

Akaacha kofia kitini, akatoka. Langoni pana bango: UKITOKA HURUDI. Limetundikwa pale miaka ishirini. Lucius hakuwa amewahi kulisoma, kwa sababu hakuwa amewahi kutaka kurudi.

Kule maegeshoni akawasha mkaa, akapanga mbavu, akafungua redio ya gari. Cotter Hill wakaingiza mpira mwisho wa uwanja, na teke la nyongeza likapita. Ishirini na nne kwa saba.

"Umesikia, Shemasi?" Cephus akauliza toka kwenye jiko lake.

"Bahati. Hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku."

Ikawa ishirini na nne kwa kumi na nne. Lucius akasema Dunmore wamechoka na safari. Akapaka mchuzi upande wa kwanza. Robo ya nne ilikuwa imeshaanza wakati mtangazaji alipobadili sauti.

"Namba sitini na sita yuko chini, anashika goti. Wanamtoa. Anaingia namba sabini na tatu, naye ni, naye ni, nivumilieni nitafute karatasi. Demarius Weems."

Cephus akamtazama Lucius. Lucius akazitazama mbavu.

"Si yule mpwa wako?"

Lucius alikuwa ameshaondoka. Ana miaka sitini na miwili na goti moja zima, kwa hiyo tuseme alikimbia. Langoni alisimama Ozella, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, amevaa fulana ya mlinzi inayong'aa.

"Ukitoka hurudi, Shemasi. Soma bango."

"Dada Ozella, mimi ndiye niliyemzika mume wako."

"Na ulimzika vizuri. Hurudi."

"Mpwa wangu kaingia uwanjani!"

"Nimesikia kwenye kipaza sauti. Wewe ulikuwa wapi?"

Koleo lilikuwa mkononi, linadondosha mchuzi. Ozella akaliangalia, asiulize tena.

"Nitakuletea sahani nzima," Lucius akanong'ona. "Mbavu sita."

"Halafu kesho nisimame mbele yako niimbe nimesamehewa, meno yana mafuta ya hongo? Simama hapo pembeni, usizuie njia."

Akasimama pembeni. Kati ya mbao mbili za uzio palikuwa na ufa, akatia jicho. Alichokiona ni mgongo wa mwuza karanga za kuchemsha. Akasogea kushoto, ni mgongo uleule. Basi akaitazama mechi kwenye mgongo. Mwuza karanga aliporuka juu na sinia lake, uwanja wote ukanguruma, na kipaza sauti kikasema ishirini na nne kwa ishirini na moja. Aliposhika kichwa, Lucius naye akashika kichwa, bila kujua wanalilia nini.

Ozella hakuona chochote. Mlinzi wa lango hutakiwa kutazama barabarani, naye ni mtu wa sheria. Lakini alikuwa amerudi kinyumenyume hadi mgongo wake ukagusa uzio.

"Wako wapi?" akauliza bila kugeuka.

Kipaza sauti kikawajibu wote wawili. Cotter Hill walikuwa na mpira yadi moja tu kutoka mwisho, na sekunde nne zimebaki. Teke kati ya nguzo lingeleta pointi tatu na sare, na muda wa nyongeza. Kuusukuma mpira ndani kungeleta ushindi. Kulikuwa na nafasi ya jambo moja tu.

"Wanapiga teke?" Lucius akauliza.

"Mimi naangalia barabara, Shemasi."

"Hawapigi. Kelele hizi si za teke. Wanasukuma! Wanapita kwa Demarius, Mungu wangu."

Ozella akamshika mkono wa koti. Mwuza karanga akatua sinia chini, akasimama wima kama mtu anayeapishwa. Pakawa kimya. Kisha ikasikika sauti ya mabega kugongana, maana hiyo husikika hata nje ya ukuta, na upande wa wageni ukalipuka kwa shangwe. Mwuza karanga akakaa taratibu juu ya sinia lake. Karanga zikamwagika. Hakuziokota.

"Pole, Shemasi," Ozella akasema.

"Sasa naweza kuingia?"

"Sasa ingia tu. Mechi ikiisha lango ni la kila mtu."

Lucius hakuingia. Alirudi maegeshoni, akakuta Cephus amemgeuzia mbavu zake kwa wakati. Zilikuwa laini na nyekundu kwa moshi, hazijawahi kutoka vile. Angefurahi zaidi kama zingeungua.

Watu wakamiminika, na kila jiko likawa na ugomvi mmoja: teke au kusukuma. Demarius akaja na mama yake. Jezi ilikuwa na nyasi, chokaa na damu ya mdomo, na watu walimpiga mgongoni kila hatua. Yeye alimsukuma mtu wake hadi ndani, walisema. Mwenye mpira ndiye aliyechagua upande wa pili. Kijana alikuwa amelia, na hakuficha.

Verdell akamrushia Lucius kofia yake. Lucius akajaza sahani, akampa mpwa wake, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akasema mengi.

"Kocha ndiye aliyewaangusha. Teke moja tu! Sare, mnapumua, mnaanza upya."

"Sisi ndio tuliomwomba tusukume, mjomba."

"Mtoto huomba hata kisu. Mkubwa ndiye wa kukataa. Cephus, nasema uongo?"

"Mimi ningepiga teke," Cephus akakiri.

"Umeona! Robo nzima vijana wanajiua pale, halafu mtu mmoja kwa papara zake anawatupa. Aliwaahidi nini wazazi wenu? Mtu mzima hukaa, hutulia, hungoja hadi mwisho. Mimi kosa lile simsamehe kocha, hata aje kupiga magoti kanisani."

Verdell alikuwa anamtazama kaka yake kama unavyomtazama mtu anayejenga nyumba juu ya reli. Demarius akamaliza ubavu, akauweka mfupa pembeni ya sahani, akajifuta mdomo pale palipopasuka.

"Labda alikosea, mjomba. Lakini yeye alikosea akiwa ndani."