Shuka za Wodi ya Wazazi

Metroni wa wodi ya wazazi hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Damu, matapishi, maji ya uzazi, vyote vilikuwa kazi yake, na alikuwa akishavisafisha anakwenda kunywa chai yake kwa raha. Lakini asubuhi ile alipokunjua shuka kutoka kwenye furushi lililoletwa kama safi, kikadondoka kipande cha kondo la nyuma, kimekauka kama soli ya kiatu. Aliwahi mlangoni, akatapika kwenye maua.

Zamani hospitali ilikuwa ikifua yenyewe. Halmashauri ikaja ikasema kazi hiyo apewe mwenye uwezo, ikaletwa kampuni yenye gari jeupe lililochorwa mapovu ya sabuni ubavuni. Mapovu hayo hayakuonekana popote pengine. Shuka zilirudi na unyevunyevu, zinanuka kama tambara la jikoni, na madoa yametandazwa badala ya kutolewa. Vitovu vya watoto vikaanza kutunga usaha. Mama mmoja alikataa katakata kumlaza mwanawe kitandani. Alikaa naye kifuani mpaka mikono ikamfa ganzi.

Metroni alilalamika halmashauri, akaambiwa awaulize kampuni. Akawauliza kampuni, wakamwambia mkataba wao ni na halmashauri, si na yeye. Wakampiga danadana hivyo mpaka akachoka.

Sasa kibaya zaidi, kwenye kampuni ileile alikuwa akifua wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyeishi na wanawe kwenye vyumba vya uani kwao. Siku hiyo Metroni aliporudi nyumbani alimkuta kibarazani akijipaka mafuta viganjani. Ngozi ilikuwa imebabuka, vidole vyekundu kama vimemenywa.

"Wifi, nyie mnafulia nini kule?"

"Mikono," wifi akacheka.

"Sitanii mwenzio. Leo nimeokota kondo la nyuma ndani ya shuka."

Kicheko kikakatika. Wifi akatazama ndani kuhakikisha watoto hawasikii.

"Boila ya kuchemshia maji ilikufa kabla mimi sijaajiriwa. Sabuni tunaiona siku wakija wageni. Siku nyingine tunamwagiwa dawa ya kuulia wadudu, kali hiyo, ndiyo imenifanya hivi. Tunachovya, tunakamua, tunaanika. Basi."

"Njoo uyaseme hayo kwenye kikao cha kamati ya afya."

"Halafu wanangu niwapikie nini? Ukweli?"



Siku ya kikao, meneja wa kampuni aliingia na wifi huyohuyo nyuma yake, amevalishwa sare mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, na glovu mkononi. Alipoambiwa aeleze kazi yao, alizungumza huku anatazama miguu ya meza.

"Maji ni ya moto. Sabuni ipo. Hatuna shida."

Metroni aliona kinyaa kuliko siku ile ya kondo. Wala si kwa ajili ya wifi yake. Ilikuwa kwa ajili ya yule mwanamume aliyekaa na tabasamu lake, aliyemtia mjane maneno mdomoni kama anayemlisha mtoto uji.

Mwenyekiti wa kamati, naye ni diwani, akakohoa. "Mimi mwenyewe hukagua pale kila mwezi, sijaona tatizo. Na wauguzi nao, ndugu zangu, wapunguze kuchafua hizo shuka."

Wajumbe wakacheka.

"Sawa, Mheshimiwa," Metroni akasema. "Nitawaambia wajawazito wazae bila kutoka damu."

Kisha akafungua mfuko, akatoa shuka, akaitandaza mezani katikati ya vikombe vya chai. Vikombe vilinyakuliwa upesi. Harufu ikapanda. Mjumbe mmoja mama mtu mzima akajifunika pua kwa ushungi.

"Hii imeshushwa leo asubuhi, imekunjwa, imeitwa safi. Meneja, ni kazi ya mikono yako hii. Jifute mdomo."

Meneja akabaki ameshika kalamu.

"Basi Mheshimiwa, wewe mkaguzi wetu. Jifunike mabega tu."

Mwenyekiti alisogeza kiti nyuma. Yule mama mwenye ushungi ndiye aliyesimama. "Wajukuu zangu wamezaliwa wodi ile," alisema. "Twendeni tukaone sasa hivi. Na asipige mtu simu."

Getini kwa kampuni, mlinzi aliwasalimu vizuri, halafu akamwinamia mwenyekiti.

"Samahani, mzee, wewe ni mgeni wa nani?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Ndani, kuku alikuwa ameatamia mayai kwenye tumbo la boila. Shuka zilielea kwenye birika la saruji, maji mazito ya rangi ya chai ya maziwa, juu yake bandeji zinazunguka taratibu na nzi wakitua kama wako kwao. Nguo za wagonjwa wa vidonda na nguo za wazazi, birika lilelile. Mwenyekiti alitoa leso, akageukia wajumbe.

"Jamani, tumedanganywa!"

"Tumedanganywa na nani?" Metroni akamuuliza. "Mlinzi hakujui. Kila mwezi ulikuwa unakagua wapi?"

Mwenyekiti akasema hayo yangejadiliwa kwa utaratibu. Wifi, pembeni ya birika, alivua glovu zake mpya akazitupa majini.

Mkataba ulivunjwa. Mwenyekiti akaondolewa kwenye kamati, ingawa udiwani wake haukuguswa, na kila akimwona Metroni humpa mkono. Metroni husema mkono wake una uchafu wa wodi, hampi. Meneja hakuulizwa na mtu kuhusu vile vitovu. Inasemekana sasa anasafisha vyoo vya shule wilaya ya jirani.

Wafuaji wote walipoteza kazi siku moja. Wifi alikaa uani wiki nzima bila kumsemesha Metroni, sahani za chakula alizompelekea zikipokelewa na watoto. Hospitali ilipofungua tena chumba chake cha kufulia, Metroni alikwenda mwenyewe kumbembelezea nafasi, na hakumwambia.

Jioni ya siku yake ya kwanza kazini hospitali, wifi alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Nilisema uongo mbele yako."

"Nilikusikia."

"Ungenisema palepale, kila mtu angekuamini."

"Na wewe ungekula wapi?" Metroni akamsogezea kigoda. "Kaa. Nyosha hiyo mikono niione."