Wino Mwekundu Pembeni

Barua zake zote tatu zilikuwa zimesahihishwa.

Araba alisimama mbele ya kabati la Korkor, kwenye ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu alikuwa amemtuma achukue madaftari ya maandalio ya masomo, ambayo Korkor huyakagua na kuyatia saini kila Ijumaa. Chini ya madaftari hayo ndipo alipozikuta: barua zake za kuomba uhamisho kwenda Cape Coast, aliko binti yake. Kila mwaka aliandika moja, akamkabidhi Korkor aipeleke ofisi ya elimu, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mjini kwa shughuli za shule. Na kila mwaka Korkor alimwambia avute subira, serikali haina haraka, huku akimpakulia chakula, wakila bakuli moja.

Kumbe! Tena ualimu ulivyomwingia damuni, mwanamke yule hakuweza hata kuiba bila kusahihisha. Penye maneno "huku sina ndugu wala jamaa" alipiga mstari, akaandika pembeni: "Na mimi ni nani?" Penye "binti yangu ananihitaji" aliweka alama ya kuuliza.

Ya kuuliza nini? Araba alitoka na barua mkononi, akapita madarasani bila kuitikia salamu za wanafunzi, mpaka kwenye nyumba za walimu. Korkor alikuwa jikoni akisonga banku, ugali wa unga uliochachushwa.

"Leo umewahi, dada," alisema bila kugeuka. "Nawa, tule."

Araba alizibwaga barua mezani.

Korkor aliziona. Akaepua sufuria, akafuta mikono kwa kanga, kidole baada ya kidole.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Nikishastaafu?"

"Hii ya mwisho niliifikisha hadi mlangoni pa ofisi ya elimu. Miguu ikagoma. Ungeondoka, Araba, mimi ningebaki na nani? Na hawa wanaonichekea kwa ajili ya saini yangu?"

"Kwa hiyo mwanangu ndiye atolewe kafara."

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Anakula, anasoma. Hana shida yoyote."

Araba alimtazama. Huyu ndiye ambaye Araba alimshukuru Mungu kwa ajili yake. Huyu ndiye mtu pekee ambaye Araba alimwambia, kwenye jiko hilihili, kwamba anaogopa mtoto atamsahau. Korkor alilia naye siku hiyo, machozi ya kweli, na barua ya pili ilikuwa tayari kabatini. Alijua. Muda wote alijua, na Araba alijichukia kwa kila siri aliyompa kwa mkono wake mwenyewe.

"Hana shida," alirudia. Alitoa simu, akapiga nyumbani kwa mama yake, akaongeza sauti na kuiweka juu ya barua.

"Haloo?" Sauti ya Nhyira, binti yake. Alimwacha akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na sita.

"Nhyira, ni mama."

Miguu midogo ilisikika ikikimbia, na mtoto akimwita bibi yake.

"Mama! Mama, yule anti wa kwenye simu anakutaka!"

Korkor aliziba masikio. Araba alizunguka meza, akaishika mikono yake, mmoja mmoja, akaiteremsha.