Jua la Napoli, Ghorofa ya Kumi na Sita

Jumanne asubuhi Dorotea alipaka utando wa mwisho wa rangi ya manjano, mwembamba kama mafuta juu ya mchuzi, kwenye picha yake ya ghuba ya Napoli: miamba, ngome iliyobomoka, jua likizama baharini. Mchana rangi ilipokauka, jua likatoka kwenye turubai la picha likaangukia zulia. Mama yake akasogeza kiti, akavua soksi.

Ilikuwa Januari, msimu wa theluji katika mtaa wa maghorofa wa St. James Town, na mabomba ya kupasha nyumba joto yalikuwa ya baridi tangu Krismasi. Mwenye nyumba alisema fundi yuko njiani. Siku zikapita, fundi bado alikuwa njiani. Mama, aliyekuwa akikohoa mpaka majirani wanagonga ukuta, sasa alilala vizuri, na majirani wakaanza kuleta nguo kuanika. Zilikauka, ila zilinukia chumvi kidogo.

Dorotea hakuridhika. Kwenye ghorofa za chini watoto walilala na makoti. Alitaka mabomba ya jengo zima yapate moto, na hakuwa mtu wa kunyamaza. Akapiga simu manispaa mpaka wakakubali kutuma mkaguzi.

Siku ya ukaguzi aligeuza picha ikatazama ukuta. Chumba kikapoa papo hapo.

"Mama, usiiguse mpaka aondoke."

"Nimesikia, mwanangu."

Mkaguzi alifika bila glavu, pua nyekundu. Dorotea akamkaribisha, akatoka kumwita jirani aje kutoa ushahidi. Aliporudi, picha ilikuwa imegeuzwa. Mkaguzi amevua koti, anakula maandazi juani, na kipimajoto chake kinasoma nyuzi ishirini na nne.

"Mama! Tulikubaliana nini?"

"Mgeni anatetemeka nyumbani kwangu, nimtazame tu?"

Mkaguzi aliisifu ngome ya pichani. Kuhusu joto, alisema linatosha kisheria. Sheria haiulizi linatoka wapi. Alishukuru kwa maandazi, akayafunga malalamiko. Jioni hiyo mwenye nyumba alimwambia fundi asihangaike kuja.

Dorotea alikasirika. Hakumgombeza mama tena. Alikunywa maji, akapiga tena simu manispaa. Mwanamke aliyepokea simu akamuuliza kama nyumba yake ina baridi.

Dorotea alimwangalia mama yake aliyesinzia juani, akipumua bila kukohoa.

"Ndiyo," alisema. "Jengo zima."