Chungu cha Wapiga Mbizi

Sisi wa Port Nolloth tunakiita chungu: lile pipa kubwa la chuma pale bandarini. Mpiga mbizi aliyepanda juu kwa pupa hufungiwa humo na kuvutishwa oksijeni mpaka damu yake itulie. Mume wangu, Fielies, ndiye mtunzaji. Sheria yake hata mtoto anaijua: oksijeni ya chungu ni ya walio baharini.

Basi mwanangu mdogo, Romano, akateguka kifundo cha mguu mazoezini, na Jumamosi kule Kimberley timu ya mkoa inachagua wachezaji wa raga. Mguu umevimba kama boga. Mtu akamtia maneno kwamba wachezaji wakubwa huvutishwa oksijeni, wakapona upesi. Nikasema, "Teguko linataka barafu na subira." Thubutu! Nani anisikilize?

Aliyembembeleza baba yao alikuwa Deon, kaka mtu, mpiga mbizi wa almasi.

"Baba, mtie mtoto chunguni. Bahari imefungwa, mawimbi haya hata sili wamekimbilia mawe."

"Na ikifunguka?"

"Lori la oksijeni linakuja Ijumaa. Unamnyima mwanao pumzi, mzee bahili wewe?"

Wakacheka wote watatu. Fielies akafungua mlango.

Kila siku Romano aliingia chunguni, mitungi ikaisha mmoja mmoja, ukabaki mmoja tu. Alhamisi alfajiri upepo ukageuka, bahari ikatulia. Mji huu, bahari ikifunguka habaki mtu kitandani. Hizo ndizo siku za kula. Fielies alisimama gatini akipiga kelele kwamba mitungi imeisha, lakini nani amsikie na almasi iko chini? Mimi nilimshika Deon mkono mlangoni.

"Usiende, mwanangu. Chungu hakina kitu."

"Mama nawe! Mimi nimeingia chunguni lini? Nipikie supu ya kondoo."

Supu ilikuwa bado jikoni walipomleta. Mpira wake wa kuvutia hewa ulinaswa chini ya jiwe, akapanda juu mbio. Anaongea, anatania, ila miguu haisikii. Fielies alimfungia chunguni akafungua mtungi wa mwisho. Uliisha mapema mno. Nilimwona mume wangu akiupiga ngumi ule mtungi, akilia kwa sauti, na barabara ya Cape Town, kwenye chungu kingine cha hospitali, ni ndefu. Walipofika, madaktari walisema wamechelewa.

Jumamosi Romano hakwenda Kimberley. Kifundo kilikuwa bado kimevimba. Kilikuja kupona chenyewe, taratibu, kama teguko lolote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watu husema. Kwangu hawakusikia watatu, akalipa mmoja.

Sasa jioni Romano humsukuma kaka yake kwenye kiti cha magurudumu hadi gatini. Raga kaacha.

"Kimbia basi, wewe," Deon humtania. "Si una pumzi yangu humo?"

Deon hucheka peke yake. Mimi namlilia aliyekaa, na huyu anayesimama namlilia zaidi.