Walamchanga

"Chimba weye, chimba! Utatokea Makka," alisema Shaame, amejikalia juu ya gogo.

Mwatum alitupa udongo kando, akapiga jembe tena. Kukavu. Tangu mafuriko ya masika yaifukie chemchemi yake, kilichobaki ni kidimbwi cha kuoshea miguu tu, na mitambuu yake inanyauka. Kuuza majani ya mitambuu hiyo ndiko kulikomlisha tangu afiwe na mume. Ikifa, hana budi kuhamia Wesha kwa shemegi yake huyu, awe mpishi wa mkewe.

"Maji yamehama, shemegi. Kesho tubomoe nyumba, tuchukue milango."

"Miye sihami."

"Una kichwa kigumu weye!"

"Ndicho n'nachobebea mtungi."

Lakini alipoinama tena, alitamani kulia. Hapo ndipo alipowakumbuka walamchanga, visamaki wadogo kama kidole wanaojaza mchanga mdomoni, wakautafuna, wakautema. Kila asubuhi alikuwa akiwateka kwa kata na kuwatupa kijitoni, akiwalaani kwa kumchafulia maji ya udhu. Na kila asubuhi walirudi palepale, maji yanapochipuka. Loo! Miaka yote hiyo aliona uchafu tu.

Akashuka kijitoni na mtungi.

"Wallahi keshapata wazimu," Shaame alicheka alipomwona akirudi. "Chemchemi imekufa, mwenzetu aleta kitoweo!"

Mwatum aliwamimina dimbwini. Walitawanyika, wakazunguka, kisha mmojammoja wakaelekea ukingoni, chini ya lile fungu la udongo alilokuwa akilirundika mwenyewe. Wakaanza kutafuna.

"Yarabi! Naifukia chemchemi kwa mkono wangu!"

Alilivamia fungu lile kwa jembe, kisha kwa viganja, mpaka kucha zikatoka damu. Shaame akavua kanzu, akashuka, akazoa udongo pamoja naye.

Kwanza vifundo vya miguu vya Mwatum viliona baridi. Kisha maji yakapanda, mazito kama uji, yakiyasukuma matope pembeni.

Alasiri ilipoadhiniwa, Mwatum alichota kata ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na mlamchanga mmoja. Shaame akanyoosha mkono amtupe.

"Mwache!"

Mwatum akaizamisha kata taratibu. Kisamaki akateleza, akapiga mbizi, akatema mchanga. Maji yakachafuka. Mwatum akachutama ukingoni, kata mkononi, akingoja yatulie.